Chini ya Nyumba Yako Kuna Nini?

Nchi inapotetemeka, mara nyingi twaona jambo la kustaajabisha. Katika mtaa mmoja nyumba zaanguka. Katika mtaa wa pili, ng'ambo ya bonde, hata sahani hazikutoka mahali pake. Watu husema ni bahati tu. Lakini mabingwa wa elimu ya mawe na udongo wana jibu jingine: sababu kubwa imo chini ya miguu yetu.

Wasomaji wapenzi, tutazame kwanza habari ya mji mkuu wa Meksiko. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la kipimo cha 8 lilizuka katika pwani ya Bahari ya Pasifiki, mbali na mji huo kwa zaidi ya kilometa 350. Kusini mwa mji, ambako chuo kikuu kimejengwa juu ya mwamba, vyombo vilipima mtikiso hafifu. Lakini katika mitaa iliyojengwa mahali palipokuwa ziwa zamani, mtikiso ulikuwa karibu mara tano zaidi. Mamia ya majengo yaliporomoka, na watu maelfu walipoteza maisha.

Kwa nini? Waazteki walikuwa wamejenga mji wao, Tenochtitlan, juu ya kisiwa cha ziwa Texcoco. Wahispania waliuteka mwaka 1521, wakaendelea kujenga papo hapo, na karne baada ya karne maji yakakaushwa. Ziwa limetoweka, bali tope lake limebaki: udongo laini wa mfinyanzi uliojaa maji, meta nyingi kwenda chini. Hata Kanisa Kuu la mji limekuwa likididimia, upande mmoja kuliko mwingine, kwa ajili ya ulaini huo.

Weka bakuli la uji mzito mezani, kisha gonga meza kidogo. Meza haisogei, lakini uji watikisika. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Mawimbi ya tetemeko hupita mbio katika mwamba. Yakiingia katika udongo laini hupunguza mwendo, na kwa kuwa nguvu yake haipotei mara moja, huinuka na kuwa makubwa. Tena kila udongo una mwendo wake wa kuyumba. Huko Meksiko, tope la ziwa liliyumba kwa sekunde 2 hivi, kwenda na kurudi. Majengo ya orofa 6 mpaka 15 yaliyumba karibu kwa kipimo hicho hicho, yakawa kama mtoto katika bembea anayesukumwa kila mara kwa wakati wake. Nyumba nyingi fupi katika mitaa hiyo hiyo zilisalimika.

Basi, mabingwa huchora ramani ya udongo. Hutoboa mashimo marefu na kutazama tabaka moja moja. Hupanga vyombo vya kusikilizia juu ya ardhi, wakapiga chini kwa nyundo nzito, na kuhesabu mwendo wa wimbi katika meta 30 za juu. Penye mwamba mgumu mwendo wapita meta 760 kwa sekunde. Penye udongo laini sana haufiki meta 180. Njia nyingine ni kuacha chombo kisikilize mitetemo midogo ambayo mtu haisikii, inayoletwa na upepo, mawimbi na magari. Kisha mji hugawanywa kwa rangi. Mji mkuu wa Meksiko una sehemu tatu: ya vilima, ya katikati, na ya ziwa, na sheria ya ujenzi hudai nguvu tofauti kwa kila sehemu.

Je, ramani yatosha? Hapana. Tarehe 19 Septemba 2017, miaka 32 kamili baadaye, tetemeko la kipimo cha 7.1 lilipiga tena. Majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa ya zamani, yaliyojengwa kabla ya sheria kukazwa. Ramani hutuonyesha hatari, haiimarishi ukuta.

Nasi tunaokaa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, habari hii yatuhusu. Siku ya Dominika, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukavu na jirani zetu wa Rwanda. Nyumba zilibomoka na watu walikufa. Miji yetu yakua upesi, na mara nyingi kiwanja cha bei nafuu ndicho kile cha bondeni penye maji, au cha kifusi kilichojazwa juzi, au cha mteremko mkali unaoweza kuporomoka.

Kwa hiyo, baba na mama wa jamaa, kabla ya kutoa fedha, waulizeni wazee: mahali hapa palikuwa nini zamani? Tazameni kisima cha jirani kinapochimbwa: je, ni jiwe au ni tope? Na kama hamna kiwanja kingine, msijenge juu sana. Fungeni kuta vema kwa nguzo na mikanda ya saruji yenye chuma, na paa liwe jepesi. Hakuna ajuaye siku ya tetemeko, lakini udongo twaweza kuujua leo.