Kozi ya Uraia na Fomu ya Mwisho wa Muhula

Katika vyuo vingi vya Marekani hufundishwa kozi ya ushiriki wa kiraia, yaani somo linalomtaka mwanafunzi ajifunze namna wananchi wanavyoendesha mambo yao ya pamoja, kuanzia uchaguzi na vikao vya halmashauri hadi malezi ya watoto wa mtaani kwao, na linalomtaka ajifunze hayo si kwa vitabu peke yake bali kwa kwenda kufanya kazi bila malipo katika shule, zahanati, ghala la chakula cha wahitaji au ofisi ya asasi ya kiraia. Kozi hiyo, kama kozi nyingine zote za chuo, hupimwa na wanafunzi wenyewe muhula unapokaribia kwisha, kwa fomu ya tathmini ambayo majibu yake humfikia mkuu wa idara na kamati inayoamua ni mhadhiri gani aongezewe mkataba na yupi apandishwe cheo. Majibu hayo yana uzito mkubwa, lakini yakichunguzwa kwa makini huonyesha zaidi jinsi kozi ilivyopangwa, na kama mwanafunzi aliichagua mwenyewe au alilazimishwa, kuliko yanavyoonyesha kama amekuwa raia mwenye uelewa zaidi.

Mizizi ya kozi za aina hii huhusishwa na mwanafalsafa John Dewey, aliyechapisha kitabu chake kuhusu demokrasia na elimu mwaka 1916 na kushikilia kwamba demokrasia ni namna ya kuishi pamoja kabla ya kuwa mfumo wa serikali, na kwa hiyo haiwezi kufundishwa kama orodha ya vifungu vya katiba. Kozi zenyewe zilienea baadaye sana. Mwaka 1985 marais wa vyuo vikuu vya Brown, Georgetown na Stanford walishiriki kuanzisha muungano uitwao Campus Compact, kwa lengo la kuvifanya vyuo vichukue huduma ya jamii kuwa sehemu ya kazi yake. Chuo Kikuu cha Jimbo la California huko Monterey Bay, kilichofunguliwa mwaka 1995 katika eneo lililokuwa kambi ya jeshi ya Fort Ord, kikaiweka huduma hiyo kuwa sharti kwa kila mwanafunzi. Na Tulane, chuo kilichoko New Orleans, kikafanya vivyo hivyo mwaka 2006, baada ya mji huo kufurikwa na maji ya kimbunga Katrina. Utaratibu huo huitwa kujifunza kwa kuhudumu, na hutofautishwa na kujitolea kwa kawaida kwa sababu mwanafunzi hutakiwa kuunganisha kazi anayoifanya na mada za darasani, kisha kuandika tafakuri, yaani maandishi ambamo hueleza alichokiona, kilichomshangaza na namna kinavyoafikiana au kupingana na alichokisoma.

Ili maoni ya wanafunzi yaeleweke, ni lazima kwanza uangaliwe muhula wenyewe, ambao kwa kawaida huwa na majuma kama 15. Majuma ya mwanzo hupotea katika kutafuta asasi, kujaza karatasi na, kwa wanaokwenda kwenye shule za watoto, kusubiri uchunguzi wa kumbukumbu za uhalifu ukamilike, jambo ambalo halimtegemei mwanafunzi wala mhadhiri. Kazi yenyewe ikianza, mwanafunzi hubeba karatasi ya saa, yaani fomu yenye safu za tarehe, muda wa kuingia, muda wa kutoka na sahihi ya msimamizi wa asasi, na karatasi hiyo isiyo na mvuto wowote huwa kiini cha manung'uniko mengi kuliko mada yoyote ya siasa. Asiye na gari huhesabu muda wa kusubiri basi, ambao hauandikwi popote. Mwenye ajira ya jioni hukuta kwamba asasi aliyopangiwa hufungwa saa 11. Na aliyetarajia kuwasaidia watoto kusoma hujikuta akitia barua kwenye bahasha mchana kutwa. Mwanafunzi wa namna hiyo anapoulizwa kama kozi ilipangwa vizuri, huikumbuka bahasha kwanza.

Fomu yenyewe ni chombo cha zamani. Mwaka 1927 Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, alichapisha kipimo cha wanafunzi kuwakadiria walimu wao, naye alikusudia kimsaidie mwalimu kujirekebisha, si kimsaidie mwajiri kupanga ngazi za watumishi. Kadiri miaka ilivyopita matumizi yakageuka, na leo swali la kawaida huwa na jibu la nambari, tuseme 1 hadi 5, kisha wastani wake hulinganishwa na wastani wa idara, kana kwamba kozi ya takwimu yenye watu 200 ukumbini na kozi ya uraia yenye watu 20 waliotawanyika mjini ni bidhaa za aina moja.

Utafiti uliofanywa katika miaka ya karibuni umeitilia shaka nambari hiyo. Katika Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa wahadhiri kwa bahati nasibu, Scott Carrell na James West walionyesha mwaka 2010 kwamba wahadhiri ambao wanafunzi wao walipata alama nzuri katika somo la mwanzo la hisabati ndio waliosifiwa zaidi kwenye fomu, ilhali wanafunzi hao hao hawakufanya vizuri katika masomo ya juu yaliyofuata kama walivyofanya wenzao waliofundishwa na wahadhiri wasiosifiwa. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika kozi ya mtandaoni, ambamo wahadhiri wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina katika baadhi ya makundi. Jina la kiume lilipata alama za juu, hata katika swali la kama kazi zilirudishwa kwa wakati, ingawa zilirudishwa kwa muda uleule. Darasa lililotumika lilikuwa dogo, na hukumu kubwa haipaswi kujengwa juu yake peke yake, lakini lilitosha kuwatia wasiwasi wasimamizi waliokuwa wakiichukua nambari kuwa kipimo safi. Nchini Kanada, mwaka 2018, msuluhishi wa mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson na wahadhiri wake aliamua kwamba tathmini za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika maamuzi ya kupandisha vyeo.

Haya hayamaanishi kwamba mwanafunzi hajui anachosema. Anajua vizuri kama mhadhiri alifika, kama alisikika, kama maelekezo ya kazi yalieleweka na kama alidharauliwa. Asichoweza kukipima kwa urahisi ni kiasi alichojifunza, na hapa kozi ya uraia ina hasara kuliko nyingine. Louis Deslauriers na wenzake, katika jaribio lililofanywa kwenye masomo ya fizikia ya Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, waliwagawa wanafunzi katika makundi mawili, moja likasikiliza mhadhara mzuri na jingine likafanya mazoezi pamoja kabla ya kuelezwa jibu. Kundi la pili lilipata alama bora katika mtihani lakini lilijiona limejifunza kidogo, kwa kuwa kuhangaika na tatizo humfanya mtu ahisi kwamba hajui. Kozi ya ushiriki wa kiraia ni mahangaiko ya namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana kikao cha wazazi hakina majibu nyuma ya kitabu, na mwanafunzi aliyezoea kupata alama kwa kukariri huona amepotezewa muda katika siku ile ile ambayo pengine ndiyo iliyomfundisha zaidi.

Lalamiko lenye uzito kuliko yote ni la kulazimishwa, nalo haliwezi kupuuzwa kuwa ni uvivu wa vijana. Arthur Stukas, Mark Snyder na Gil Clary walichunguza suala hilo katika utafiti uliotoka mwaka 1999, wakiwafuatilia wanafunzi ambao huduma ya jamii ilikuwa sharti la programu yao, na wakagundua kwamba wale waliohisi kusukumwa na sharti walielekea kupunguza nia ya kujitolea siku za baadaye, hata kama walikuwa na historia ya kujitolea, ilhali waliojiona wangeifanya kazi hiyo hata bila sharti hawakuathirika. Msomaji wa Afrika Mashariki ana kumbukumbu yake ya jambo hili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho, na Rais Nyerere aliwafukuza mamia yao chuoni, huku akiupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mazingira yalikuwa tofauti kabisa na ya kozi ya saa chache za huduma katika mji wa Marekani, na adhabu ilikuwa nzito mno, lakini swali lililoulizwa ni moja: je, huduma inayotokana na amri inaweza kumfundisha mtu kuipenda jamii yake? Jibu la utafiti wa Stukas na wenzake ni kwamba inategemea kama mtu huyo anahisi amesukumwa au ameachiwa nafasi ya kuchagua.

Janet Eyler na Dwight Giles, ambao mwaka 1999 walitoa kitabu kilichokusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 1,500, walilitazama suala la faida ya huduma kwa njia nyingine. Walikuta kwamba matokeo mazuri yalifungamana na ubora wa kazi aliyopangiwa mwanafunzi, na uhusiano wake na mada, na wingi wa tafakuri iliyofanywa, kwa kuandika na kwa mazungumzo. Kutia barua kwenye bahasha kunaweza basi kuwa somo la namna asasi inavyotafuta fedha, endapo mtu ataketi na mwanafunzi na kumwonyesha barua hiyo inakwenda kwa nani na kwa nini. Bila hivyo ni kutia barua kwenye bahasha tu.

Kuhusu lalamiko la siasa, yaani kwamba mhadhiri huwavuta wanafunzi upande wake, mengi hayahitaji kusemwa. Anne Colby na wenzake walizichunguza programu 21 za elimu ya siasa katika vyuo vya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Uelewa wa siasa, stadi na hamasa viliongezeka, hasa kwa waliokuwa na hamasa ndogo mwanzoni, lakini msimamo wa chama na itikadi haukubadilika. Hofu ya wazazi na wanasiasa kuhusu jambo hili ni kubwa kuliko ushahidi wake.

Kasoro iliyo wazi zaidi ya fomu ni wakati wake. Kozi inayohubiri kwamba sauti ya raia hubadilisha mambo humpa mwanafunzi nafasi ya kusema katika juma ambalo hakuna kitu kinachoweza kubadilishwa kwa faida yake, na bila yeye kujua kama kuna aliyemsikiliza. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyuo hutumia utaratibu wa katikati ya muhula, ulioanzia katika Chuo Kikuu cha Washington, ambapo mhadhiri hutoka darasani, mwezeshaji kutoka nje huingia, wanafunzi hukaa katika makundi madogo na kukubaliana ni kipi kinawasaidia, kipi kinawakwamisha na kifanyike nini. Kisha mhadhiri hurudi kikao kinachofuata na kueleza hadharani lipi atalirekebisha, lipi hatalirekebisha na sababu zake. Mabishano ya wanafunzi wanaotakiwa kupatana juu ya dai moja, na mwenye madaraka kulazimika kulijibu mbele yao, yanafanana na shughuli ya uraia kuliko nambari 4 iliyobofywa usiku kwenye simu.

Hata utaratibu huo huwaacha nje watu wa tatu, yaani wale wanaohudumiwa na asasi zinazowapokea wanafunzi. Mwandishi Ivan Illich aliligusa jambo hili kwa ukali mwezi Aprili 1968 huko Cuernavaca, Mexico, alipowahutubia vijana wa Marekani waliokwenda kujitolea na kuwaambia kwamba nia zao njema zilikuwa mzigo kwa wenyeji. Randy Stoecker na Elizabeth Tryon walilirudia kwa utulivu zaidi katika kitabu cha mwaka 2009, baada ya mahojiano na wafanyakazi wa asasi zaidi ya 60 za mji wa Madison, jimboni Wisconsin, na maeneo ya jirani. Wengi wa waliohojiwa walithamini msaada wa wanafunzi, ila walisema kwamba saa chache za muhula mmoja huishia katika mafunzo ya kazi, kwamba kalenda ya chuo haifuati mahitaji ya watoto wanaofundishwa, na kwamba wahadhiri wengine hawakuwahi hata kuwapigia simu. Mwanafunzi anaweza kuipa kozi hiyo alama 5 kwenye fomu kwa sababu saa zilikuwa chache na zilikwisha mapema, na mkuu wa idara akaridhika, wakati mtoto aliyekuwa akisomeshwa naye amebaki katikati ya kitabu na msimamizi wa asasi ameanza kumtafuta mwingine wa kumfundisha kazi upya.