Usinunue gari kabla bibi hajakalia siti ya nyuma!

Leo tuongee magari, ila msitegemee niwapigie stori za spidi na rimu za kung'aa. Leo ni siti tu. Nani anakaa wapi, na akishuka magoti yake yanasemaje.

Kasheshe lenyewe lilianza nyumbani Litembo, baada ya hela ya kahawa kutoka. Baba mdogo akatangaza kwenye kikao cha familia kwamba ananunua gari la nyumbani. Vigelegele! Vijana tukaanza kuchagua utafikiri hela ni zetu. Huyu anataka mkonga, yule anataka Noah, mwingine anang'ang'ania Probox kwa sababu eti hainywi mafuta. Bibi akatusikiliza weee, halafu akasema: "Nunueni mnalotaka. Mimi sipandi."

Kikao kikawa kimya, maana wote tunajua kisa. Miaka michache nyuma bibi alishuka Mbamba Bay kumsalimia mdogo wake. Wakati wa kurudi akabanwa siti ya mwisho ya gari la abiria, magoti yanakaribia kidevu, watu wamejazana kama usipa kwenye fungu. Na safari yenyewe si mchezo. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapita mita 1,500, kwa hiyo ni kupanda na kona mtindo mmoja. Siku hizi kuna lami kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, lakini lami hainyooshi magoti ya mtu. Bibi alishushwa kwa kubebwa, na siku mbili nzima alitembea kwa kushika ukuta. Akaapa.

Mdogo wake alipofariki mwaka jana, bibi hakwenda kuzika. Nauli ilikuwepo. Siti ndiyo haikuwepo.

Basi baba mdogo akakuna kichwa, akatoa wazo ambalo mpaka leo nampa heko: tuazime magari ya majirani, bibi akalie moja moja, yeye ndiye awe jaji.

Tukaanza na mkonga, yaani Land Cruiser hardtop ile ndefu. Kwenye tope la masika ule ndio mfalme wa milima yetu, hilo sibishi. Ila nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Unakaa ubavu, kona ikija unamlalia jirani, kona nyingine naye anakulalia wewe. Springi za nyuma ni za mabapa, zimetengenezwa kubeba mzigo, kwa hiyo gari likiwa tupu linakurusha. Na mlango wa nyuma uko juu. Tulimletea bibi kigoda apandie, akakitazama, akatutazama, akarudi zake kibarazani.

Ikaja Probox. Kuingia ni rahisi, iko chini. Lakini siti ya nyuma kwenye ile ya mizigo ni nyembamba na mgongo wake ni mfupi. Sababu yake ni hii: kule Japani, ili gari liandikishwe kuwa la mizigo, sehemu ya mzigo lazima iwe kubwa kuliko sehemu ya abiria. Kwa hiyo anayeminywa ni abiria. Bibi alikaa dakika tano, akauliza, "Hiki kiti ni cha mtu au cha gunia?" Kama mko wawili na mna dengu za kupeleka sokoni, Probox ni bomba. Kwa mzee, hapana.

Mwisho ikaja Noah. Hapa kaa vizuri, msomaji, maana Noah haziko sawa. Zile za zamani, za 1996 mpaka 2001, injini iko chini ya siti za mbele, hivyo anayekaa mbele anapashwa joto kama maandazi. Kuanzia toleo la 2001 injini ilihamia mbele na sakafu ikashuka, mzee anaingia bila kupanda mlima. Zote zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, ambako ndiko ukingo wa barabara kwetu, kwa hiyo mtu hashukii katikati ya magari.

Sasa usidanganywe na maneno ya "siti nane". Safu ya mwisho imekaa juu ya tairi za nyuma, kila shimo linapiga hodi kiunoni. Tena watu wanane wakikaa, buti inayobaki haitoshi hata gunia la mahindi kusimama. Ukikunja safu hiyo pembeni unapata mahali pa mizigo, lakini umeshapoteza watu watatu. Hesabu ya kweli ni watu watano na mizigo yao.

Safu ya kati ndiyo yenye raha, kwa sababu iko kati ya tairi za mbele na za nyuma, mtikisiko ni mdogo. Bibi alikaa pale dirishani, akanyoosha miguu, akafunga mkanda mwenyewe. Akauliza, "Mbona hamuondoki?"

Kwa hiyo ukienda kutafuta gari, acha kukalia siti ya dereva na kuchezea redio. Kaa nyuma. Ngumi yako ipite kati ya goti na siti ya mbele. Magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kichwa kisiguse paa. Halafu mwombe mwenye gari apande mlima na ashuke wewe ukiwa hukohuko nyuma, na kama nyumbani kuna mzee, mpeleke yeye.

Baba mdogo alinunua Noah ya toleo jipya. Safari ya kwanza ilikuwa Mbamba Bay, kaburini. Bibi alikaa safu ya kati, mikeka na chakula vikawekwa nyuma, na sisi vijana tuliokuwa tunashangilia kikaoni tukaambiwa tupande basi. Tulipanda, tena bila kunung'unika.

Wiki ijayo, Mungu akipenda.