Trauti Yuko Chini: Mbinu Mpya za Kuvua kwa Tunutu Bandia

Maji ya mto hayaendi kwa mwendo mmoja. Juu yanakimbia, chini, yanapokwaruzana na mawe na changarawe, hupungua kasi. Trauti hukaa karibu na sakafu ya mto, mahali ambapo kuogelea hakumchoshi, akisubiri mkondo umletee tunutu, yaani wadudu wachanga wa majini ambao hawajaota mabawa. Sehemu kubwa ya chakula chake huipata huko, ingawa wavuvi wengi hupenda zaidi kumwona akiibuka kumdaka nzi.

Mvuvi wa tunutu bandia kwa njia ya zamani hulaza mshipi mnene juu ya maji na kufunga kiboya kidogo cha kumwonyesha samaki anapouma. Mshipi na kiboya husafiri na maji ya juu, hivyo humburuta tunutu aliye chini kwa kasi kuliko wadudu halisi walio kando yake. Trauti humwacha apite. Hata akiuma, uzi uliolegea kati ya kiboya na ndoana huchelewesha habari. Kiboya kinapotikisika, samaki mara nyingi ameshatema.

Mbinu mpya zinazoitwa za Kiulaya hutibu kasoro zote mbili kwa kuuondoa mshipi mnene kwenye maji. Mvuvi husogea karibu, huinua ufito, na kuacha uzi mwembamba tu uzame pamoja na tunutu. Wavuvi wa pwani wanaotumia mshipi wa mkono wanaijua kanuni hii tangu utotoni: ukitaka kusikia samaki anadonoa, mshipi usilegee.

Wazo la kuvua kwa tunutu lina zaidi ya karne moja. G. E. M. Skues alilitetea Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1910, wakati wenzake wengi waliona kwamba nzi anayeelea ndiye pekee anayefaa. Baadaye Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon, alimfunga tunutu wake kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, ili uzito uwe ndani ya tunutu mwenyewe. Miaka ya 1980 wavuvi wa Poland na Czechoslovakia waliisogeza mbele kazi hiyo kwenye mashindano ya dunia, ambako kanuni zinakataza viboya na chubwi za kuongezea. Wafaransa na Wahispania wakaja na nyuzi ndefu na nyembamba zaidi zilizowawezesha kuvua mbali kidogo bila kumshtua samaki.

Kilichofanya nyuzi hizo ziwezekane ni shanga ya tangsteni inayovishwa kwenye ndoana. Uzito wa shaba ni takriban gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, wa risasi 11.3, na wa tangsteni 19.3. Kwa hiyo tunutu mdogo sana anaweza kuzama upesi akivuta uzi wa milimita 0.12 tu, ambao mkondo haupati pa kuushika. Juu ya uzi huo hufungwa kipande cha uzi wa rangi kali, kinachobaki hewani. Macho ya mvuvi hukaa hapo.

Anza kwenye maji yanayokwenda kasi kati ya mawe, yenye kina cha magoti hadi kiunoni. Tupa juu ya mkondo, umbali usiozidi ufito mara mbili, kisha inua ncha ya ufito na kuongoza uzi polepole kuelekea chini ya mto. Tazama mapovu: yakiupita uzi wa rangi, tunutu wako anakwenda na maji ya chini, na ndivyo inavyotakiwa. Uzi ukisita au kukaza, vuta kidogo kuelekea chini ya mkondo. Tunutu akinasa kwenye mawe kila mara, punguza uzito. Asipogusa kabisa, ongeza. Wengi hubadilisha rangi ya tunutu mara kumi kabla ya kubadilisha uzito mara moja, ilhali uzito ndio unaomfikisha kwa samaki.

Mbinu hii ina mipaka. Upepo huusumbua uzi mwembamba, na kwenye vidimbwi vipana vilivyotulia mvuvi hawezi kusogea karibu bila kuonekana. Huko kiboya bado kina kazi.

Lakini kwa mito ya Aberdare na Mlima Kenya, naiona inafaa mno. Trauti waliletwa Aberdare na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura. Mingi ya mito hiyo ni myembamba, yenye mteremko mkali, mawe makubwa na vichaka vilivyoinamia maji. Nafasi ya kurusha mshipi nyuma ya mgongo haipo, na mbinu hii haiihitaji.

Usikimbilie kununua ufito mpya wa futi 10 au 11, ingawa urefu huo husaidia. Ufito ulio nao, uzi mwembamba na tunutu wachache wa tangsteni vinatosha kwa kuanzia. Bana kigumba cha ndoana ili samaki arudi majini bila jeraha kubwa. Kisha, kabla ya kila mtupo, jiulize maji ya chini yana kasi gani mahali hapo. Mvuvi anayezoea kuuliza hivyo atapata samaki kwa mbinu yoyote atakayoshika.