Moto Usiozimwa

Tanuri la kuyeyushia chuma halikuwa jiko la kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Katika makoloni ya Uingereza huko Marekani, likishawashwa liliunguruma usiku na mchana kwa miezi, likilishwa mkaa, mawe ya chuma na mawe ya chokaa, mivukuto ikiendeshwa na gurudumu la maji. Kulizima kabla ya wakati ilikuwa hasara kubwa. Fundi aliyesoma hali ya tanuri kwa rangi ya moto alijua thamani yake, na ardhi ilikuwa tele: akichoka, angeondoka akalime.

Peter Hasenclever, mwenye viwanda vya chuma, aliyaona hayo New Jersey. Kuanzia 1764 alileta kutoka Ujerumani watu 535, wafanyakazi na familia zao, kwa mikataba waliyofunga huko kwao. Walipofika wakakuta ujira walioukubali uko chini ya ule wa majirani. Wakanung'unika, wakadai nyongeza, wengine wakatoroka.

Matajiri wengi wakaona heri watu wasioweza kuondoka. Kiwanda cha Saugus, Massachusetts, kilichukua Waskoti wapatao 60 waliotekwa vitani Dunbar, Uskoti, mwaka 1650, wakauzwa watumike kwa miaka kadhaa. Mwaka 1727 wenye viwanda wa Pennsylvania waliliomba baraza la koloni liondoe ushuru wa watumwa Waafrika, wakilalamikia uhaba wa wafanyakazi. Maryland, kampuni ya Principio iliwachanganya watumwa na wafungwa waliohamishwa kutoka Uingereza.

Nalisisitiza hili kwa sababu husahaulika: watumwa hao hawakuwa wabeba mizigo tu. Wengi walikuwa wafua chuma mahiri, na bwana alijua kwamba fundi akizidishiwa viboko angeweza kuharibu kazi au kupotelea msituni. Ndipo katika baadhi ya viwanda vya kusini kukawa na kiwango cha kazi. Aliyekivuka alilipwa ziada kwa fedha au kwa bidhaa za dukani. Wako wanaoiita ziada hiyo hisani. Siamini hivyo. Ilitokana na nguvu ya ujuzi wao.

Nguvu hiyo ilikuwa na mpaka. Mskoti wa Saugus alimaliza miaka yake akawa huru. Fundi mtumwa wa Principio, hata angefua chuma bora kuliko wote, hakuwa na mwaka wa mwisho, na kwa sheria kila mtoto wa mama mtumwa alizaliwa mtumwa.