Sura ya Tano: Familia, Theluji na Chaja

Ijumaa inayotangulia Jumapili ya Matawi, barabara ya E6 itokayo Oslo kuelekea kaskazini hujaa magari yaliyobeba skii juu ya paa. Kwa Wanorwei, Pasaka ni msimu wa milimani. Shule zimefungwa, machungwa yamepakiwa, na familia zinakwenda kwenye nyumba zao ndogo za mapumziko. Mengi ya magari hayo hayana bomba la moshi. Mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme mtupu, na Septemba mwaka huohuo magari ya umeme yaliyosajiliwa nchini humo, zaidi ya 754,000, yaliyapita ya petroli kwa mara ya kwanza. Anayetaka kujua safari ndefu ya familia kwa gari la umeme ikoje, hapa ndipo pa kutazama, tena wakati wa baridi, maana baridi haifichi kitu.

Oslo hadi Trondheim ni kama kilomita 500, zaidi kidogo ya Nairobi hadi Mombasa. Tuchukue baba, mama na watoto wawili, ndani ya gari lenye betri ya kilowati-saa 75. Majira ya joto, kwa mwendo wa kiungwana, gari la aina hiyo hula takriban kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100. Linafika mji mdogo wa Dombås, kilomita zipatazo 335 kutoka Oslo, likiwa limebakiwa na moja ya tano ya chaji. Watu walewale wakisafiri kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, na sanduku la mizigo juu ya paa, matumizi yanaweza kupanda hadi 25. Hapo hesabu inagoma: Dombås inadai kilowati-saa 84, na betri haina hizo. Lazima wasimame Lillehammer au mbele kidogo.

Umeme huo umekwenda wapi? Sehemu imeliwa na hewa, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na sanduku la paani linaikinga kifua wazi. Sehemu nyingine imekwenda kwenye joto la ndani. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, kwa hiyo kuwapasha abiria hakuigharimu kitu. Mota ya umeme haina upotevu mkubwa kama huo, na joto la ndani hulazimika kulipiwa na betri. Chama cha wenye magari cha Norwei, NAF, hupima jambo hili kila mwaka kwa kuyaendesha magari barabarani hadi yazime. Katika jaribio la majira ya baridi la 2020, magari yalipoteza kwa wastani asilimia 18.5 ya umbali ulioandikwa na watengenezaji, na tofauti kati ya gari na gari ilikuwa kubwa. Wazoefu hupasha gari joto likiwa bado kwenye plagi ya nyumbani, kisha njiani hutegemea zaidi joto la viti.

Kisha kuna mguu wa dereva. Ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 110, ukinzani wa hewa huongezeka kwa karibu nusu. Dereva mwenye haraka hujikuta akirudisha dakika alizookoa, akiwa amesimama kwenye chaja.

Kwenye chaja ndipo safari nyingi huharibika bila sababu, kwa sababu mtu aliyezoea petroli anataka kujaza mpaka juu. Betri ya lithiamu hujaa kama basi: abiria wa kwanza huketi mara moja, wa mwisho hupapasa wakitafuta nafasi. Chaja ya kilowati 150 inaweza kuitoa betri yetu asilimia 10 na kuifikisha 80 kwa nusu saa hivi. Kuifikisha 100 kutoka hapo kunaweza kuchukua karibu nusu saa nyingine. Kwa hiyo vituo viwili vifupi vinashinda kimoja kirefu, na wa kungoja hadi mia ni yule tu ambaye mbele yake hakuna chaja.

Betri iliyoganda nayo ina sheria yake. Ndani ya baridi, chembe za lithiamu husafiri polepole, na zikilazimishwa hujikusanya juu ya uso wa elektrodi badala ya kuingia ndani yake, jambo linaloiharibu betri. Kompyuta ya gari inalijua hilo, ndiyo maana hupunguza kasi ya kuchaji. Dawa yake ni kuweka kituo cha kuchajia kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari. Magari mengi ya kisasa huanza kuipasha betri yakingali njiani.

Safari ya kwanza ndefu ya familia kwa gari ilifanywa Agosti 1888, pale Bertha Benz alipowachukua wanawe Richard na Eugen kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kwa mama yake. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Barabara huandaliwa na wanaotangulia kuipita, na Norwei ina Bertha wake: mwaka 1989 mwimbaji Morten Harket wa kundi la a-ha na mwanamazingira Frederic Hauge waliingiza nchini Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita nayo kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara bila kulipa. Miaka michache baadaye msamaha wa ushuru huo ukawa sheria. Vituo vya chaja za kasi vilikuja baadaye sana, na ndivyo vilivyoziwezesha familia kutoka nje ya mji. Ukubwa wa betri husifiwa mno. Kinachomtuliza mzazi ni kujua kwamba chaja moja ikiwa mbovu, nyingine kumi ziko jirani yake.

Nusu saa ya Lillehammer, kwa watoto, si hasara. Wangeomba kwenda choo hata hivyo. Mzazi mmoja anakung'uta theluji kwenye tundu la kuchajia na kusukuma kebo nene iliyokakamaa kwa baridi, mwingine anapanga foleni ya soseji zilizoviringishwa kwenye lompe, chapati laini ya viazi. Anayeteseka ni mwenye karavani: matumizi yake hukaribia maradufu, na vituo vingi vilijengwa kwa gari moja fupi, hivyo humbidi alifungue karavani kwanza.

Baada ya Dombås barabara hupanda Dovrefjell hadi mita 1,026 juu ya bahari. Kulinyanyua gari la tani mbili kutoka usawa wa Oslo hadi pale hugharimu karibu kilowati-saa 5.6, na dereva huiona asilimia ikishuka haraka. Mteremko wa kuelekea Oppdal na Trondheim hurudisha sehemu nzuri ya deni hilo, kwani mota hugeuka jenereta kila mguu unapoachia.

Walio na nyumba milimani wana hesabu nyingine. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati 2 hivi, na usiku mzima huongeza kama kilomita 100 za majira ya baridi. Kwa wiki nzima hiyo yatosha kabisa. Tatizo ni Jumatatu ya Pasaka, pale karibu wote wanapotaka kurudi Oslo mchana uleule. Wenye busara huchaji hadi juu usiku wa kuamkia siku hiyo, huondoka kabla ya chakula cha mchana, na kuvipita vituo vya Lillehammer kabla ya foleni kuanza.