Tikiti maji darasani: mtoto aone tunda zima

Hesabu 11:5 inatueleza kwamba Waisraeli jangwani walikumbuka matikiti ya Misri. Walikuwa mbali na mashamba, lakini walijua walichokosa. Watoto wengi wa Goma hawana hata kumbukumbu hiyo. Wazazi wao walilima Rutshuru na Masisi, vita ikawafukuza. Wao wamekulia juu ya mawe ya Nyiragongo, na tikiti maji, ambalo wengi tunaliita pasteki, wanalijua kama kipande cha sokoni tu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa shule zetu na wa masomo ya siku ya Yenga walete tunda zima darasani. Ikiwezekana, mkulima mwenyewe aje nalo.

Watoto waelezwe kwamba asili ya tunda hili ni Afrika yetu, na kwamba halianguki kutoka mtini. Mmea wake hutambaa chini kama wa boga. Hupenda joto, ndiyo sababu uwanda wa Ruzizi unaufaa kuliko Goma, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari. Nyuki wasipopeleka chavua, ua la kike halifanyi tunda. Tangu kupanda hadi kuvuna ni miezi 3 hivi. Mkulima hutazama pale tunda lilipolalia udongo: pakiwa pa manjano, limeiva. Likichumwa bichi, haliongezi utamu nyumbani.

Kabla ya kukata, osheni mikono, kisu na ganda kwa maji safi. Kisu hupeleka uchafu wa ganda hadi ndani, na sisi wa Goma tunaijua kolera. Likishakatwa, liliwe siku ile ile.

Kisha kila mtoto apate kipande chake na ahesabu mbegu. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za tunda hilo ni maji. Mbegu chache zipandwe katika gunia la udongo penye jua, maana mawe yetu hayalimiki. Kwa baridi ya hapa, huenda tusipate tunda kubwa. Lakini mtoto atamwagilia, ataona mbegu ikichipuka, naye atajua kwamba chakula ni kazi na subira ya mtu.

Amani ikirudi, mashamba ya Rutshuru na Masisi yatahitaji mikono. Tusiwarudishe huko watoto wasiojua mbegu.