Nganya za Mvuke

Kama unatoka Rongai na Sato imekuboesha, form ni hii: okota mbogi yako, dandieni nganya yenye luku kali, mshukie Railways. Hapo ndio wasee wote hukata kuingia tao. Sisi tulipita kando ya stesheni hadi Nairobi Railway Museum. Hiyo base iko wazi tangu 1971, na bado mayut wengi wa Nai hawajawahi kuikanyaga. Inaniuma, walai.

Moto wenyewe uko nje kwa nyasi. Mount Gelai, injini nambari 5918, ni Garratt iliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950. Uzito wake unapita tani 250! Ziliundwa 34 za hiyo aina, kila moja ikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Boila imekaa katikati, halafu mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu, kila moja na pistoni zake, na kila seti hujipinda kivyake. Ndio maana chuma ndefu hivyo iliweza kukula kona kutoka Mombasa ikipanda hadi Nairobi bila kutoka reli. Dem mmoja wa mbogi husomea umakanika. Aliinama chini ya hiyo mashine akakaa huko, akatoka na grisi kwa mikono, akatuchorea kwa vumbi vile mvuke husukuma pistoni. Hata wenye walikuja kupiga picha tu walichuchumaa wakamskiza.

Kuna pia behewa la Charles Ryall, karao mkubwa wa enzi ya mkoloni. Mwaka 1900, pale Kima, alijificha ndani akimvizia simba mla watu. Usingizi ukambeba akiwa kwa zamu. Simba akaingia na mlango, akatoka naye kwa dirisha. Ukisimama hapo, hiyo stori inakushika shingo.

Sisi hupenda nganya juu ya jina, rangi na dere mwenye anaijulia. Hizi injini zilikuwa na hayo yote, na zinastahili tuzijue vile tunajua mathree za mtaa. Kibao cha maelezo kinakupea mwaka na kampuni tu. Kuhusu wasee walikuwa wanasimama hapo kwa joto ya boila usiku mzima, kinasema kidogo sana. So kama uko na guka alipiga job ya reli, next time mbebe. Mwache aongee, na simu ikuwe inarekodi.